Siku 19 baada ya kuruhusiwa: kisa cha moyo kushindwa na goti lililouma

Mwanamume wa miaka 58 alilazwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja kwa ugonjwa uleule: moyo kushindwa, yaani moyo kutosukuma damu ya kutosha. Mara ya kwanza alitibiwa vizuri na akatoka wodini kwa miguu yake. Mara ya pili aliletwa akihema, mwili umejaa maji, figo zimedhoofika na potasiamu imepanda. Hakuna aliyempa dawa ya mtu mwingine, na yeye hakukaidi matibabu. Kilichomrudisha ni mambo madogo yaliyoshikana mkono, na karibu yote yalitokea kati ya mlango wa wodi na meza ya jikoni kwake.

Kisa kimeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa wodi na kliniki, wafamasia, na familia zinazomuuguza mtu mwenye ugonjwa huu. Kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa kimeondolewa. Majina ya dawa yameachwa kama yanavyosomeka kwenye boksi. Dozi zilizotajwa ni za mgonjwa huyu kwa vipimo vyake, na mtu mwingine asiziige.

Kabla ya kulazwa

Mgonjwa aliishi na shinikizo la juu la damu kwa miaka 11. Aliandikiwa amlodipine 10 mg kwa siku. Aliimeza kwa miezi kadhaa, akaiacha alipojiona mzima, akairudia kichwa kilipomuuma. Tatizo la mtindo huo ni kwamba shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili. Anayengoja kichwa kiume ndipo apime anaweza kukaa miaka na 170 asijue. Hakuvuta sigara wala hakuwa na kisukari.

Miaka minne kabla, alipokuwa akiandaliwa kwa upasuaji mdogo wa ngiri, alifanyiwa kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ilionyesha dalili za kunenepa kwa ukuta wa chumba cha chini cha kushoto. Ngiri ikashonwa, karatasi ikaingia kwenye faili, na hakuna aliyeitaja tena.

Ukuta ulionenepa si habari ndogo. Ni msuli uliofanya kazi ya ziada kwa miaka, ukisukuma damu dhidi ya mishipa iliyokaza. Kwanza huongezeka unene, kisha hukakamaa, na kwa baadhi ya watu hatimaye hulegea na chumba kikapanuka. Hapo ndipo kinga ilikuwa bado inawezekana. Utafiti wa SPRINT wa mwaka 2015, uliohusu watu wenye hatari kubwa ya magonjwa ya moyo lakini wasio na kisukari, ulionyesha kwamba kulenga namba ya juu ya shinikizo chini ya 120 badala ya 140 kulipunguza visa vya moyo kushindwa kwa takriban asilimia 38. Vidonge vilivyohitajika mwaka ule wa ngiri ni vya kawaida kabisa.

Wiki tano za kikohozi

Ugonjwa ulianza na kikohozi kikavu cha usiku. Alipewa antibayotiki. Baada ya siku kumi alirudi, akapewa antibayotiki nyingine pamoja na dawa ya kuvuta ya salbutamol kwa kudhaniwa ana pumu, ingawa hakuwahi kuwa na pumu maishani. Salbutamol ilimwongezea mapigo ya moyo, kikohozi kikabaki palepale. Miguu ilipoanza kuvimba, ililaumiwa amlodipine.

Lawama hiyo ilikuwa na mantiki, na ndiyo maana ilipoteza muda. Amlodipine huvimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengi, hasa kwa dozi ya 10 mg. Lakini uvimbe wa amlodipine haumfanyi mtu akohoe akilala, haumwamshi saa nane usiku akitafuta dirisha, na haujazi mshipa wa shingo. Mgonjwa alikuwa na yote matatu. Alipoulizwa baadaye alisema kwamba kwa wiki tatu alikuwa akilala kwa mito mitatu, na siku mbili za mwisho alilala kwenye kiti. Katika ziara zote mbili za kikohozi hakuna aliyemuuliza idadi ya mito.

Swali la mito halihitaji mashine. Vivyo hivyo kubonyeza mguu: dole gumba juu ya mfupa wa ugoko kwa sekunde tano hadi kumi, kisha kutazama kama shimo linabaki. Kikohozi kinachozidi mtu akilala na kupungua akiketi kinastahili moyo uangaliwe kabla ya antibayotiki ya pili kuandikwa.

Kulazwa mara ya kwanza

Alifika na shinikizo 168/104, mapigo 112 kwa dakika, oksijeni asilimia 88 bila msaada. Mshipa wa shingo ulikuwa umejaa, mapafu yalisikika mkwaruzo hadi katikati, shimo la kidole lilibaki hadi gotini. Uzito kilo 84.6. Kipimo cha NT-proBNP, cha damu, kinachopanda moyo unapoelemewa, kilikuwa 6,840 pg/ml. Kwa mtu aliyefika na dharura ya kupumua, chini ya 300 hufanya moyo kushindwa kuwa jambo lisilotarajiwa. Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikidhoofika, ilikuwa 118 µmol/L, potasiamu 4.3. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha chumba cha kushoto kilichopanuka, kikisukuma asilimia 28 tu ya damu iliyomo kwa kila pigo. Moyo wa kawaida husukuma zaidi ya nusu, na kuanzia 40 kushuka chini huitwa moyo kushindwa wenye usukumaji hafifu. Kundi hilo ndilo lenye dawa nyingi zilizothibitishwa kurefusha maisha.

Alipewa oksijeni na furosemide, dawa ya kukojosha maji ya ziada, 40 mg kwenye mshipa. Katika saa sita za kwanza alikojoa mililita 350, sawa na takriban 58 kwa saa. Lengo la kipindi hicho ni angalau 100 hadi 150 kwa saa. Timu haikungoja kesho. Iliongeza dozi hadi 80 mg, na saa sita zilizofuata zikatoa mililita 1,100. Uamuzi huu ulikuwa sahihi na unafaa kuigwa: dozi isiyotosha ya furosemide hairudiwi ilivyo, huongezwa maradufu, na hukumu hutolewa kwa chombo cha mkojo, haitolewi kwa kukisia.

Amlodipine iliondolewa. Haikuwa inamuua, ila nafasi ya kushusha shinikizo ni ndogo, na timu ilitaka nafasi hiyo ichukuliwe na dawa zinazoutibu moyo wenyewe. Siku ya pili alianzishiwa enalapril 2.5 mg mara mbili kwa siku, na siku ya tatu spironolactone 25 mg. Bisoprolol 1.25 mg ilingoja hadi siku ya nne, maji yalipokuwa yamepungua, kwa sababu kuianzisha mgonjwa akiwa bado amezama kunaweza kumzidishia hali. Dawa ya nne ya kuutibu moyo, dapagliflozin, iliachwa kwa ajili ya kliniki.

Siku ya saba aliruhusiwa akiwa na kilo 77.1, akinywa furosemide 40 mg asubuhi. Karatasi ya kuruhusiwa iliorodhesha dawa, kisha mistari miwili: apunguze chumvi, arudi kliniki baada ya wiki sita. Uzito wa siku ya kutoka haukuandikwa.

Jambo jingine halikuandikwa kwa sababu hakuna aliyelijua. Mgonjwa alisikia maneno "moyo umeshindwa" na akaelewa kwamba moyo uko karibu kusimama. Alifika nyumbani akaanza kukaa kitandani, akikataa hata kutembea uani. Jina la ugonjwa huu ni la kutisha katika lugha yetu, na huchanganywa kila siku na mshtuko wa moyo au moyo kusimama ghafla. Dakika mbili za kueleza kwamba moyo unasukuma lakini hausukumi vya kutosha, na kwamba unaweza kupata nguvu tena, zingemwinua.

Siku 19 nyumbani

Siku ya tisa, goti la kulia liliamka jekundu, la moto, haliguswi hata na shuka. Familia iliona ni uzee. Duka la dawa lilitoa diclofenac 50 mg, meza moja mara tatu kwa siku. Muuzaji hakuuliza dawa nyingine anazotumia, na mgonjwa hakuwa na sababu ya kudhani goti na moyo vinahusiana.

Wakati huohuo binti yake, aliyelichukua agizo la chumvi kwa uzito kuliko mtu yeyote, alinunua chumvi iliyoandikwa kwamba ni salama kwa moyo. Ndani yake sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu na figo nzima, badiliko hilo linaweza kuwa zuri. Kwa mtu anayemeza enalapril pamoja na spironolactone, dawa mbili zinazozuia potasiamu isitoke, ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyozibwa mfereji.

Siku ya 12 na ya 13 aliruka furosemide kwa sababu alikuwa safarini ndani ya basi, na asingeweza kusimamisha gari kila nusu saa. Hili hufanywa na karibu kila mgonjwa, na karibu wote hawalisemi mpaka waulizwe bila ukali. Kufikia siku ya 15 viatu vilikuwa vimembana. Siku ya 17 mito ilirudi mitatu. Siku ya 19 alirudishwa hospitali.

Kulazwa mara ya pili

Uzito ulikuwa kilo 82.3. Kwa kuwa namba ya siku ya kutoka haikuwa kwenye karatasi, ilibidi itafutwe kwenye faili la wodi, ndipo ikajulikana kwamba amebeba kilo 5.2 za ziada. Shinikizo 142/88. Kreatinini ilikuwa imepanda kutoka 118 hadi 171, potasiamu 5.9. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha mabadiliko ya potasiamu nyingi, kwa hiyo hakuhitaji kalsiamu ya dharura.

Muuguzi wa mapokezi aliiomba familia ilete kila kitu anachomeza na kila kitu kinachotiwa kwenye chakula chake, vyote kwenye mfuko mmoja. Mfuko ulifika jioni. Diclofenac na ile chumvi vilionekana ndani ya dakika tano, baada ya saa nane za madaktari kubishana kama dozi ya enalapril ilikuwa kubwa mno.

Kilichofanywa na diclofenac kinaelezeka kwa urahisi. Chujio la figo lina mshipa wa kuingiza damu na mshipa wa kuitoa. Mwili hutumia kemikali ziitwazo prostaglandini kuuweka wazi ule wa kuingiza, na diclofenac huzizuia, hivyo mlango wa kuingilia hubana. Enalapril hulegeza mlango wa kutokea. Furosemide hupunguza kiasi cha damu kinachofika. Vikikutana vitatu, shinikizo ndani ya chujio huporomoka, kreatinini hupanda, na sodiamu na maji hubaki mwilini. Ibuprofen na naproxen ziko kundi moja na diclofenac, na mgonjwa wa moyo kushindwa anapaswa kuziepuka zote.

Maamuzi ya siku hiyo yalikuwa manne, na mawili kati yake yalizua mjadala.

Diclofenac na chumvi ya potasiamu vilikatwa papo hapo. Spironolactone ilisitishwa: mwongozo wa kawaida ni kupunguza dozi nusu potasiamu ikizidi 5.5 na kusimamisha ikizidi 6.0, lakini figo zilikuwa bado zinashuka na timu haikutaka kusubiri ifike 6.0. Kuhusu enalapril, wengine walitaka iondolewe. Kupanda kwa kreatinini kulikuwa asilimia 45, na kwa dawa hii ongezeko la hadi asilimia 50 huvumilika ikiwa mgonjwa yuko salama. Waliipunguza hadi 2.5 mg mara moja kwa siku badala ya kuifuta, kwa hoja kwamba mkosaji amejulikana na tayari ametolewa. Bisoprolol haikuguswa. Mgonjwa hakuwa na mapigo ya chini wala mwili wa baridi unaoashiria mzunguko wa damu kuanguka, na kuikatisha ghafla kuna hatari yake.

Furosemide ilianza moja kwa moja na 80 mg kwenye mshipa. Vidonge vya nyumbani vilikuwa vimepoteza nguvu, kwani utumbo uliovimba hunyonya furosemide vibaya na kwa kuchelewa, na hata kwa mtu mwenye afya kwa wastani nusu tu ya kidonge ndiyo huingia kwenye damu. Maji yalitoka, na potasiamu ikatoka nayo. Siku ya tano potasiamu ilikuwa 4.7, kreatinini 136.

Goti lilibaki kuwa fumbo hadi maji yake yalipovutwa kwa sindano na kuangaliwa kwa hadubini. Yalikuwa na fuwele za asidi ya yuriki: jongo. Furosemide hupandisha asidi hiyo, na jongo wiki ya kwanza au ya pili baada ya kuanza dawa hii ni jambo linalojulikana. Kwa hiyo tiba ya moyo ilileta goti, goti likaleta diclofenac, diclofenac ikabana figo, na figo zikarudisha maji. Jongo lilitibiwa kwa colchicine 0.5 mg kwa dozi iliyopunguzwa kwa ajili ya figo. Prednisolone ilifikiriwa ikaachwa, maana nayo hubakiza chumvi na maji.

Siku ya sita dapagliflozin 10 mg ilianza, safari hii wodini. Spironolactone ilirudi siku ya saba kwa 12.5 mg. Aliondoka siku ya nane akiwa na kilo 76.8.

Kuruhusiwa kwa namna nyingine

Namba 76.8 iliandikwa kwa wino mzito juu kabisa ya karatasi, ikiitwa uzito mkavu, yaani uzito wake asipokuwa na maji ya ziada. Familia ilipata mizani. Binti na baba walifundishwa pamoja, na kabla ya kuondoka walitakiwa kueleza wao, si kusikiliza tu.

Kupima ni kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula na kunywa, kwa nguo nyepesi zilezile, mizani ikiwa kwenye sakafu ngumu. Mizani ikiwekwa juu ya zulia hudanganya kwa kilo nzima. Namba huandikwa kwenye daftari papo hapo. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, anameza furosemide maradufu kwa siku tatu na kupiga simu siku hiyohiyo. Ukishuka kilo 2 chini ya uzito mkavu huku akisikia kizunguzungu, anapiga simu vilevile, kwa kuwa kukauka nako huumiza figo. Akishindwa kupumua akiwa ameketi, akizimia, akipata maumivu ya kifua au akikohoa povu la rangi ya waridi, hapigi hesabu ya kilo: anapelekwa hospitali.

Siku ya safari, furosemide haikatwi. Inasogezwa hadi afike, hata kama ni alasiri, ila isiwe usiku kwa sababu itamnyima usingizi.

Maumivu yalipewa mstari wake. Paracetamol ya kidonge cha kawaida ndiyo ya kwanza, na goti likirudi anapiga simu. Onyo liliongezwa kuhusu paracetamol inayoyeyuka majini kwa povu: kidonge kimoja cha 500 mg cha aina hiyo huweza kuwa na karibu 400 mg za sodiamu, sawa na takriban gramu moja ya chumvi. Anayemeza vinane kwa siku amekwisha pita gramu 5 za chumvi ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kikomo cha mtu mzima, kabla hajaonja chakula. Watu wachache sana huitafuta chumvi kwenye glasi ya dawa.

Dapagliflozin ilielezwa kwa makini kwa sababu ilikuwa na hakika ya kuleta mkanganyiko. Boksi lake linajulikana kama dawa ya kisukari. Alielezwa kwamba anapewa kwa ajili ya moyo, kwamba itamfanya akojoe sukari hata bila kisukari, kwamba asafishe na kukausha sehemu za siri kila siku ili kuepuka fangasi, na kwamba aisimamishe kwa muda akitapika, akiharisha au asipoweza kula. Wiki mbili baadaye muuzaji mwingine alimwambia kweli kwamba amepewa dawa isiyo yake. Safari hii alipiga simu kabla ya kuiacha.

Miezi iliyofuata

Ziara zilipangwa wiki ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6. Ratiba hiyo ilifuata utafiti wa STRONG-HF wa mwaka 2022, ambapo wagonjwa walioongezewa dawa haraka na kuonwa karibukaribu baada ya kuruhusiwa walikufa au kulazwa tena kwa moyo kushindwa kwa asilimia 15.2 ndani ya siku 180, dhidi ya asilimia 23.3 kwa huduma ya kawaida. Mwendo wa dozi kwa mgonjwa huyu ulikuwa wa polepole kuliko wa utafiti, kwa kuzihurumia figo. Kila ziara ilipima uzito, shinikizo akiwa ameketi na akiwa amesimama, potasiamu na kreatinini, kisha ikapandisha dawa moja.

Wiki ya 6 alifika na malalamiko ya kizunguzungu akisimama, shinikizo 98/60. Kawaida ya wengi ni kukata enalapril. Daktari alitazama kwanza shingo na miguu: hakukuwa na maji, uzito ulikuwa 75.9. Furosemide ikapunguzwa hadi 20 mg, bisoprolol ikahamishiwa usiku, enalapril ikabaki. Kizunguzungu kiliisha ndani ya siku nne. Furosemide huondoa dalili lakini haijathibitishwa kurefusha maisha kama zile nyingine. Pakiwa na nafasi ya kupunguza, ndiyo ya kuanza nayo.

Mwezi wa nne alikuwa kwenye bisoprolol 5 mg, enalapril 10 mg mara mbili, spironolactone 25 mg na dapagliflozin 10 mg. Eko ilisoma asilimia 39. Swali la kuwekewa kifaa cha kushtua moyo, ambacho hufikiriwa usukumaji ukibaki 35 au chini baada ya angalau miezi mitatu ya dawa kamili, likafungwa. Alichanjwa mafua na nimonia. Alianza kutembea dakika kumi kwa siku, akafika 35.

Mwezi wa saba matiti yalianza kuuma na kuvimba. Spironolactone hufanya hivyo kwa takriban mwanamume mmoja kati ya kumi, na wengi huiacha kimyakimya kwa aibu. Yeye aliulizwa moja kwa moja, akasema, ikabadilishwa na eplerenone 25 mg, dawa ya kundi hilohilo.

Kilichofanya kazi na kilichokwama

Tiba ya wodini, mara zote mbili, ilikuwa nzuri. Kulilaumu jopo la kwanza kwa kurudi kwa mgonjwa kungekuwa rahisi na kungepoteza funzo. Dozi ya furosemide ilipandishwa kwa wakati, dawa zilianzishwa kwa mpangilio wenye akili. Walichokosa ni kuona kwamba karatasi ya kuruhusiwa ni sehemu ya tiba. Mistari miwili iliyoandikwa haraka ilimwacha mtu mwenye dawa nne mpya bila uzito wa kulinganisha, bila neno lolote kuhusu maumivu, na bila kuonwa kwa wiki sita, wakati potasiamu na kreatinini baada ya kuanza enalapril na spironolactone zinatakiwa kupimwa ndani ya wiki moja hadi mbili. Kipimo cha siku ya saba kingeweza kuwa kizuri, maana diclofenac ilikuwa haijaanza. Cha siku ya 14 kingemkamata.

"Punguza chumvi" ni agizo lililofuatwa kikamilifu na likaumiza. Binti hakukosea. Aliyempa agizo hakumwambia ni chumvi ipi asinunue. Agizo lisilo na maelezo huachia duka kazi ya kuelekeza, na duka lina vibandiko vizuri kuliko vyetu.

Muuzaji wa dawa yuko kwenye mnyororo huu kama mhudumu mwingine yeyote. Swali moja, "unatumia dawa gani nyingine?", lingezuia kulazwa. Hata hivyo ni busara kutomtegemea peke yake. Mgonjwa huyu sasa hubeba kadi ndogo yenye majina ya dawa zake na ya zile asizopaswa kupewa, diclofenac na ibuprofen zikiwa juu.

Mfuko wa dawa na vitu vya jikoni ulistahili kuombwa saa ya kwanza, si ya nane. Ni kipimo cha bei rahisi kuliko vyote vilivyofanyika siku ile, na ndicho kilichotoa jibu.

Mpango wa pili nao haukuwa kamili. Namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya muuguzi mmoja. Alipokwenda likizo mwezi wa tatu, uzito ulipanda kilo 2.3 ndani ya siku tatu baada ya sherehe ya kifamilia, na simu ikaita bila kupokelewa kutwa nzima. Familia ilifuata kanuni ya daftari, ikaongeza furosemide kwa siku tatu, uzito ukarudi. Walifaulu kwa sababu hatua ilikuwa imeandikwa, ila mpango wenye simu moja ni mpango wenye tundu. Sasa namba ni ya kliniki, na kuna ya pili ya wodi kwa usiku.

Kubwa zaidi bado ni ile karatasi ya ngiri. Mtu mwenye shinikizo la miaka na ukuta wa moyo ulionenepa alipita mbele ya wataalamu watatu, akashonwa, akaenda. Kila mtu alitazama sehemu yake.

Mwezi wa tisa eko ilisoma asilimia 46. Mgonjwa, ambaye sasa hupanda ghorofa mbili bila kusimama, aliuliza kama anaweza kuacha dawa. Alielezwa matokeo ya TRED-HF ya mwaka 2019: watu waliokuwa wamepona moyo uliopanuka, wasio na dalili yoyote, waliachishwa dawa kwa uangalizi, na asilimia 44 kati yao ugonjwa uliwarudia ndani ya miezi sita. Alikaa kimya kidogo, akauliza kama angalau ya kukojoa inaweza kupungua. Hiyo iliwezekana. Furosemide ilisimamishwa, kidonge kimoja kikabaki nyumbani kwa siku ambayo daftari litakisema, na mizani ikabaki chini ya kitanda.